Wawili Kitanda Kimoja

Kwako shemeji yangu mpendwa, mwizi wa misumari yangu,

Salamu zikukute hapo ulipo, uwe umesimama, umekaa au umelala kama kawaida yako. Natumaini u mzima, mkeo ni mzima, na kile kitambi ulichoondoka nacho bado kinaendelea na safari yake. Ukitaka kujua hali yangu, mimi nipo. Goti la kulia linauma, la kushoto linalionea wivu. Jino limebaki moja na ninalitunza kama mgeni wa heshima. Mbali na hayo sina la kulalamika, isipokuwa hili unalolijua, kwamba siku hizi mezani kwangu kuna kikombe kimoja.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Zile herufi ndogo macho yangu hayaziwezi, kwa hiyo nilisomewa na binti wa jirani. Alipofika katikati akanyamaza, akaniambia kwamba babu, hapa pana maneno makali, je, ayaruke? Nikamwambia asome yote, mimi nimetukanwa na wenye nyumba za kila aina nikiwa juu ya paa, sitashindwa kutukanwa nikiwa kwenye kiti. Basi akasoma. Umeniuliza nilimfanya nini dada yako hata akakwambia kwenye simu, siku zake za mwisho, kwamba mume wake hataki kwenda naye. Ukauliza pia kama nilikuwa na mwanamke pembeni. Shemeji, kwa hilo la pili nakushukuru sana, ni muda mrefu hakuna aliyeniheshimu kiasi hicho. Lakini la kwanza ni swali la haki. Mlinyonya ziwa moja. Nakujibu kwa kalamu na mkono wangu mwenyewe, vumilia mwandiko wa mtu aliyemkimbia mwalimu mapema, kwa sababu kwenye simu ningekutania, ungenicheka, na tungeachana bila kuambizana kitu. Hiyo ndiyo tabia yangu, na ndiyo iliyonifikisha hapa.

Unajua kwamba tangu kiharusi kimwangushe dada yako, upande wake wa kulia ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyelazwa naye kitandani. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima na ulimi ulikuwa mzima zaidi. Mchana kutwa alilala chali anatazama bati, maana dari sikuwahi kuweka, nilikuwa naezeka nyumba za watu. Alilijua lile paa kuliko mimi niliyelipiga. Alikuwa akinionyesha msumari uliopinda, papi ya kushikilia bati iliyokatwa fupi, tundu dogo linaloingiza mwanga kama nyota. Alikuwa akisema kwamba watu wote wananiita Mzee Kenchi, fundi wa paa asiye na mpinzani, laiti wangelala hapa alipo yeye wangenibadilishia jina.

Sasa ndipo akaja yule mhubiri. Alipanga lile ghala la mbolea karibu na stendi, akafunga spika mbili kubwa mlangoni, na sisi wahuni wa kijiweni tukambandika jina la Mahesabu. Mtu huyo alikuwa na ubao mweusi kama wa shule. Alichukua majuma ya Danieli, akajumlisha na mihuri, akatoa vichwa vya mnyama, akagawanya kwa pembe, na pale chini ya mstari ikatoka tarehe ya unyakuo. Na saa pia! Jua likiwa utosini. Nilimuuliza mbele za watu kama hakusoma pale Bwana mwenyewe aliposema kwamba siku ile na saa ile hakuna anayeijua, hata malaika. Akanijibu kwa upole kwamba malaika hawakuwa na ubao. Hapana, nakutania, hakusema hivyo. Alisema kwamba wenye dhihaka nao walitabiriwa, na kwamba mimi ni mojawapo ya dalili. Nilirudi nyumbani nikijisikia mtu mkubwa.

Lakini sitawasema vibaya watu wake, shemeji. Kabla ya Mahesabu, wageni waliokuwa wakiingia chumba kile walikuwa mimi na nzi. Hao wa ghalani walikuja na ndoo za maji, wakamwogesha dada yako, wakamsuka nywele, wakamwimbia. Mshona viatu wa pale kona, yule mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta, alikuwa akija kumsomea Maandiko kila anapofunga kibanda. Dada yako alianza kucheka tena. Unadhani mimi ningewafukuza? Niliwachemshia chai nikawatania tu, wakaniombea.

Tarehe ilipokaribia, wakaanza kugawa vitu. Mwenye duka aligawa sukari mpaka rafu zikabaki mbao. Mshona viatu alileta nyundo yake nzuri ya mpini mweusi, akaniachia, akasema mimi nitakayebaki nitaihitaji. Nikamuuliza kama kweli ananionea huruma au ananitukana. Akasema vyote viwili. Nilimpenda sana siku ile.

Jambo lililoharibu kila kitu lilitoka kwenye mahubiri ya mwisho, ambayo spika zilileta hadi kitandani kwetu. Mahesabu alihubiri lile neno kwamba watu wawili watakuwa kitanda kimoja, mmoja atatwaliwa na mwingine ataachwa. Alilirudia kwa ile sauti yake ya kushuka ngazi. Mimi nilikuwa namkanda dada yako miguu. Nilisikia mguu ule mzima umekakamaa mkononi mwangu. Nikatania kwamba hilo si neno la kutisha, na mimi nikiachwa na kitanda kizima hatimaye nitalala nimejinyoosha. Hakucheka. Aligeuza uso akaanza kulia, na machozi ya mtu asiyeweza kujifuta mashavu yote mawili, shemeji, yanafuata njia yao wenyewe mpaka sikioni.

Alichokuwa akililia si hofu ya kuachwa. Huyo alikuwa na uhakika wa kwenda kama mimi nilivyo na uhakika wa kuumwa mgongo. Alilia kwa sababu yangu. Alisema kwamba ananijua, sitatubu hata nikichomwa, na kwamba mbinguni kwenyewe ataingiaje akitazama nyuma, anamwona mzee mjinga amekaa pembeni mwa kitanda kitupu, hajui hata kibiriti kiko wapi. Nikamwambia kibiriti kiko juu ya kabati. Akasema kilihamishwa tangu mwaka jana.

Siku moja kabla ya ile tarehe, wale ndugu wa ghalani walikuja na machela waliyoitengeneza kwa mianzi, wambebe mpaka uwanjani wanakokusanyika. Akakataa. Akasema atangojea nyumbani na mume wake. Walipoondoka akaniambia nipande nitoe bati moja, lile la juu ya kitanda. Nilicheka mpaka goti likauma. Nikamuuliza, Bwana aliyeingia chumba ambacho milango yake ilikuwa imefungwa, leo anashindwa na bati jembamba la geji ya chini? Akanijibu kwamba Bwana hashindwi, anayeshindwa ni yeye, mzito, nusu mfu, na mimi ndiye niliyelipigilia, basi nilipigilie mwenyewe kinyume. Nikapanda. Mzee wa umri wangu juu ya paa, watu wakikusanyika chini kunishangaa, na mimi nang'oa misumari yangu mwenyewe kwa nyundo ya mshona viatu. Nilipolisukuma lile bati pembeni, mwanga ukamwangukia dada yako kitandani mzima mzima. Nikamwona kutoka juu. Nilikuwa sijawahi kumtazama kutoka pale. Alikuwa mdogo, shemeji, na alikuwa akitabasamu kama alivyotabasamu siku ile nilipokuja kwenu kuezeka jiko la mama yenu na sikutaka kazi iishe.

Ombi lake la pili ndilo lenye jibu la swali lako, kwa hiyo soma taratibu.

Aliniambia nichukue lile shuka la maua ulilotuletea ulipokuja mara ya mwisho, nilisokote liwe kamba, maana kamba ya katani ingemchuna. Ncha moja nimfunge yeye kwenye mkono wake mzima, ncha nyingine nijifunge mimi. Akasema kama ni kunyakuliwa, tutanyakuliwa wote wawili, na akifika juu atajieleza mwenyewe, atasema huyu ni mzigo wangu, nimekuja nao. Akasisitiza kwamba nisifunge kienyeji. Nifunge lile fundo la kazini, la kupandishia.

Wewe umekuwa kibarua wangu, mafundo yetu unayajua. Kuna la kupandishia, ambalo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyojikaza, hilo tunalofungia bati ili aliye juu avute. Na kuna la kushushia, ambalo unashusha nalo msumeno mpaka chini, kisha unaishtua kamba mara moja, fundo linaachia, mzigo unabaki chini na kamba inarudi juu tupu. Ukiyatazama kwa macho yanafanana kama mapacha. Hujasahau siku ulipofunga bati kwa la kushushia, nami nikavuta, bati likateleza likamkosa jogoo wa mwenye nyumba kwa unyoya mmoja. Jogoo yule hakuwika tena wiki nzima. Dada yako alikuwa akiisimulia habari hiyo kila mgeni akija, kwa hiyo naye aliyajua hayo mafundo kwa majina, lakini hakuwahi kuyafunga.

Basi siku yenyewe ilipofika nilisokota shuka, nikamfunga, nikajifunga, tukalala chali wawili mchana kweupe kama samaki waliotandazwa. Jua likapanda mpaka kwenye lile tundu. Nikataka kumfunikia mwavuli, akakataa, akasema utamzuia. Kutoka uwanjani nyimbo zilikuwa zikija na kupotea. Alinisimulia mambo ya zamani. Alitaja mtoto wetu yule aliyekufa kabla hajapewa jina, akasema atakuwa amekua sasa, atatushangaa tulivyozeeka. Ilikuwa mara ya kwanza nalala nimenyamaza mchana, na akaniuliza kama naumwa.

Jua lilipofika utosini hasa, nyimbo zikakatika. Kukawa kimya. Hata kuku walinyamaza, naapa. Ndipo lori la mchanga likapiga honi pale kwenye kona, ile honi ndefu ya dereva anayetaka njia.

Dada yako alifikiri ni parapanda.

Shemeji, sijui nikuandikieje. Uso wake uliwaka. Aliita jina langu, jina langu lenyewe, si Fundi, akaurusha mkono wake juu kuelekea lile tundu kwa nguvu zote zilizokuwa zimebaki upande ule. Na shuka likaenda naye, jepesi, lote. Lilitoka mkononi mwangu bila hata kunikwaruza. Likabaki linaning'inia kutoka kwenye mkono wake ulioinuliwa, ile ncha yangu ikipepea mbele ya macho yake.

Lori likapita. Vumbi lake likaingia kupitia kwenye tundu.

Mkono wake ulishuka polepole. Akaitazama ile ncha. Halafu akanitazama mimi. Hakuuliza. Alisema tu kwamba lile fundo limefunguka. Na mimi, badala ya kumjibu, nikasema mashuka ya siku hizi ni ya kuteleza, kaka yako alipunjwa na muuzaji. Akageuza uso ukutani.

Jioni watu wakarudi kutoka uwanjani wameinamisha vichwa, watoto wamelala mabegani. Mahesabu alitangaza kwenye spika kwamba hesabu ilikuwa sahihi, ila tukio limetendeka kule juu na sisi hatukuliona. Nilipoambiwa nilisema ni kama mimi nimwambie mwenye nyumba kwamba paa lake limeshaezekwa, ila mbinguni. Kijiwe kizima kilicheka. Baada ya siku chache ghala lilikuwa limefungwa na ubao umeachwa nje, mbuzi wanajikuna nao. Mshona viatu alikuja akasimama mlangoni. Nilimpa nyundo yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumchoma, mengi mazuri, lakini nilipomwona anavyoishika ile nyundo nikamwekea chai. Aliinywa amesimama, akaondoka.

Dada yako hakuhuzunika kwa ajili ya tarehe. Mtu akija kumpa pole kwa hilo alisema Bwana ana siku zake. Kilichomkaa moyoni ni ile ncha ya shuka. Aliamini kwamba nilifunga la kushushia kwa sababu nilitaka kubaki. Kwamba baada ya miaka yote ile, alipokata shauri kunichukua mbinguni kwa nguvu, mimi nilijichomoa. Hilo ndilo alilokwambia kwenye simu, na nilikuwa jikoni nikalisikia, nikaendelea kuosha sufuria moja ile ile.

Na kweli nilifunga la kushushia. Hapo hakukosea. Nilifunga makusudi.

Lakini sikiliza, wewe ndugu yake. Nilikuwa nimeshashika zile ncha, nikiwa nacheka moyoni, na nikaanza kufunga la kupandishia kama alivyotaka. Ndipo nikatazama juu kwenye lile tundu, nikaona anga. Nikajiuliza, mzee, je, kama ni kweli? Mimi niliyemwuliza Mahesabu maswali, mimi niliyecheka. Kama ni kweli, anayemvuta kutoka juu atavuta, na huku chini nipo mimi na dhambi zangu na mifupa yangu na mizaha yangu, na fundo letu linavyovutwa ndivyo linavyojikaza. Nimevuta vitu juu maisha yangu yote. Najua kinachotokea mzigo ukikwama. Nilimwona ananing'inia kwenye tundu la paa langu, mkono wake mmoja uliobaki mzima umeteguka, wenzake wote wanapita wakiimba, naye haendi wala harudi kwa sababu yangu. Mikono yangu ikafunga lile la kushushia kwenye ncha yangu. Nikamtakia akitwaliwa atwaliwe, nami nibaki na kibiriti nisichokijua kilipo.

Kwa dakika ile niliamini, shemeji. Pengine niliamini kuliko mshona viatu, aliyebeba na chakula cha jioni kwenda uwanjani. Na yeye aliyelala kando yangu hakulijua hilo, kwa sababu mdomo huu haujazoea kusema jambo bila kulivalisha kofia ya kuchekesha. Nilijaribu kumweleza. Nikiwa namwogesha nilianza, nikaishia kumtania kuhusu vidole vyake vya miguu. Nikiwa namlisha nilianza, nikakohoa. Nikajiambia kesho. Kisha kiharusi cha pili kikaja kikachukua ulimi wake na ule mkono. Hapo ndipo nilipokaa chini nikamweleza yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila mzaha hata mmoja. Alikuwa anatazama bati. Vidole vyake vilitikisika, lakini vilikuwa vikitikisika siku nzima. Sijui kama alisikia. Nimelala na swali hilo tangu siku ile na sina wa kuniambia.

Siku ya kumzika, kabla jeneza halijafungwa, niliwaomba akina mama watoke kidogo. Nilichana lile shuka la maua vipande viwili. Kimoja nilimfunga kwenye mkono ule wa kushoto, kwa la kupandishia, nikalivuta mwenyewe kuhakikisha. Alinionya mama mmoja, ambaye hakuwa ametoka, kwamba wafu hawafungwi kamba, na kwamba uzee umenipanda kichwani. Nikamwambia ni mambo ya kazi.

Kipande cha pili kiko chini ya godoro, upande wa ukutani. Nikifa, na kwa goti hili sitakuchosha kungoja, nakuomba uje wewe mwenyewe, usitume mtu. Nifunge mkono wa kulia, kisha nichimbie kando ya kaburi la dada yako, uitie ncha yangu kwenye udongo kuelekea kwake. Mahesabu alifundisha kwamba waliolala ndio watakaotangulia kufufuka, na katika hesabu zake zote hiyo ndiyo niliyoikubali. Safari hii avute. Kama nitamwelemea, basi aniambie mwenyewe akiwa ananitazama, atachagua mwenyewe kuniachia. Sitamchagulia tena.

Na tafadhali, shemeji, angalia fundo. Yale mawili yanafanana, nawe ulishawahi kumtia wazimu jogoo wa watu. Fanyia mazoezi kwenye mguu wa meza hata leo. Likivutwa lijikaze. Likiachia, ulilofunga silo.

Lile bati nimelirudisha mahali pake. Misumari sijapiga, nimeliwekea jiwe tu.

Nisalimie mkeo, mwambie harufu ya upishi wake naisikia hata huku. Nisalimie watoto wote, na wale wasionijua waambie ninadai salamu zao. Binti wa jirani anakusalimia, amesema maneno makali uliyoandika hajamwambia mtu. Mshona viatu anakusalimia pia, huwa anakuja jioni, tunakunywa chai, hatuzungumzi dini.

Kibiriti nilikipata. Kilikuwa ndani ya kopo la vifungo, upande wa kitanda wa dada yako.

Ni mimi shemeji yako, aliyebaki,

Mzee Kenchi